Bunduki ya Kale na Mwenyewe



Ndugu yetu mmoja aliyelelewa katika parokia hii, na ambaye sasa anaishi Marekani pamoja na mkewe na watoto wao, ametuletea swali. Jirani yake, mzee aliyewinda bata-mwitu maisha yake yote, anataka kuuza bunduki yake ya marisau, kwa kuwa macho na mabega hayamruhusu tena kukesha kando ya ziwa. Bunduki yenyewe ni Browning Auto-5 iliyotengenezwa Ubelgiji, na umri wake umepita miaka 60. Ndugu yetu ameipenda. Fedha anazo, na sheria ya huko inamruhusu, maana ana kibali cha ukaazi wa kudumu. Anachouliza ni kimoja tu: je, yafaa Mkristo kuinunua na kuiweka nyumbani mwake?

Tumeona vema kulijibu swali hili hapa gazetini, kwa sababu si la mtu mmoja. Hata kwetu wapo wenye bunduki za marisau: wakulima wanaofukuza nguruwe-mwitu na ngedere mashambani, walinzi wa usiku, na watoto ambao baba zao wamefariki wakaacha bunduki kabatini. Tena hata asiyekuwa na bunduki ana kitu fulani anachokimiliki ambacho chaweza kumdhuru mwenzake. Basi tufikiri pamoja.

Bunduki hiyo ni ya namna gani?

Aliyeibuni ni John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki, aliyezaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah. Kabla yake mwindaji alipiga risasi moja au mbili, kisha akafungua bunduki na kutia nyingine kwa mkono, au alivuta mtambo mbele na nyuma kila mara. Browning alitaka bunduki itumie nguvu ya mshindo wake yenyewe kujitia risasi inayofuata. Risasi ipigwapo, mtutu na kifungio chake hurudi nyuma pamoja. Kisha kifungio huzuiliwa, mtutu hurudi mbele, ganda tupu hurushwa nje, na kifungio hufuata mbele kikiwa na risasi mpya. Yote hayo hutendeka kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Bunduki huchukua risasi 5, nne katika ghala yake na moja katika chumba cha mtutu, na ndiyo asili ya jina lake.

Kampuni ya Winchester haikukubali masharti yake ya malipo. Akaenda Remington, na huko mwaka 1902 mkuu wa kampuni, Marcellus Hartley, akafariki ghafula kabla hawajapatana. Ndipo Browning alipovuka bahari mpaka Herstal, karibu na Liège, na kiwanda cha Fabrique Nationale kikaikubali kazi yake. Bunduki hizo zilitengenezwa Ubelgiji mpaka miaka ya 1970, kisha Japani mpaka mwaka 1998. Browning mwenyewe alifariki Herstal mwaka 1926 akiwa kazini.

Tumeyaeleza haya ili tusije tukaidharau kazi ya mikono ya watu. Chuma kile kilichongwa kwa uangalifu mkubwa, mbao ni za mti uitwao woluneti, na wengi huipenda kwa sababu inafanya kazi leo kama ilivyofanya siku ile ilipotoka kiwandani. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge na kufua kwa ustadi.

Lakini Bezaleli alitengeneza vyombo vya hema. Hapa twazungumza juu ya chombo kilichofanywa ili kiue, na ustadi wote ule umeelekezwa huko. Hapo ndipo swali linapoanza.

Je, ni halali kuua ndege?

Wako Wakristo wasemao kwamba kuwinda kwenyewe ni dhambi. Hatuwezi kusema hivyo kwa mamlaka ya Maandiko. Baada ya gharika Mungu alimpa Nuhu wanyama kuwa chakula (Mwanzo 9), na Isaka alipenda mawindo ya mwanawe. Anayekula kuku wa sokoni na kumlaumu mwindaji wa bata amesahau kwamba kuku yule naye alichinjwa na mtu.

Hata hivyo ruhusa ile ilikuja pamoja na mpaka. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, Mwisraeli aliyekuta kiota njiani alikatazwa kumchukua mama pamoja na makinda. Amwache mama aende zake. Ni sheria ndogo sana, juu ya ndege mdogo, na hakuna askari awezaye kumkamata aliyeivunja porini. Maana yake ni kwamba mtu amepewa kula, hakupewa kumaliza.

Watu wa Marekani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Walikuwa na njiwa wahamao, makundi makubwa hata yalitia anga giza. Wawindaji wa biashara waliwaua kwa nyavu na kwa bunduki wakawauza mijini, na njiwa wa mwisho kabisa akafa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Bunduki ya Browning haikuwamaliza njiwa wale, maana walikuwa karibu kwisha ilipotokea. Lakini fikirini hofu ya watu walioona ndege wakitoweka kwa bunduki za zamani, kisha wakaambiwa sasa imekuja inayojitia risasi yenyewe! Jimbo la Pennsylvania lilikataza kuwinda kwa bunduki za namna hiyo mwaka 1907. William Hornaday, mkuu wa bustani ya wanyama ya New York, alizipinga kwa maneno makali.

Mwishowe ikapatikana njia nyingine. Tangu mwaka 1935 sheria ya Marekani yataka kwamba anayewinda ndege wahamao kwa bunduki ya marisau asiwe na zaidi ya risasi 3 ndani yake. Basi wenye Auto-5 hutia kijiti katika ghala ya bunduki, ili isichukue zaidi ya mbili, na ya tatu ikae katika chumba cha mtutu. Na tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi hutumika kuhifadhi wanyama wa porini. Wawindaji wengi wenyewe waliyaunga mkono mambo haya.

Hebu tukitazame kijiti kile. Mtu mwenye akili nyingi alifanya kazi miaka kadhaa ili bunduki ipige mara 5 bila kusimama. Wengine wakatia kijiti cha senti chache ili isimame baada ya 3. Je, kijiti kimeiharibu bunduki? Sivyo. Kimerudisha kituo ambacho mtambo ulikiondoa.

Mwenye gobore, akiisha kupiga, alikuwa na muda mrefu wa kufikiri huku akishindilia baruti. Muda ule haukuwa wema wake, ulikuwa udhaifu wa chombo chake. Bunduki ijitiayo risasi imemwondolea udhaifu huo, na pamoja nao imemwondolea nafasi ya kujiuliza: Ndege yule wa kwanza ameanguka wapi? Je, amekufa, au amejeruhiwa na atateseka usiku kucha matetení? Je, wanaonitosha wangapi? Mtambo ukiisha kukuondolea kituo nje, hapana budi ukiweke ndani, moyoni. Asiyeweza kujizuia mwenyewe kati ya risasi ya kwanza na ya pili asinunue bunduki hiyo, hata kama sheria yamruhusu na fedha anazo.

Tusidanganywe na neno “ya kale”

Watu husema, “Hiyo ni bunduki ya kale, ya kuwindia tu.” Maneno yote mawili yaweza kutulaza usingizi.

Kwanza, “ya kuwindia.” Auto-5 ilibuniwa kwa ajili ya ndege, lakini askari wa Waingereza waliichukua katika vita vya msituni kule Malaya miaka ya 1948 hadi 1960. Na mkono ule ule wa Browning ulibuni bunduki za mfululizo za vitani, na bastola iliyomwua Franz Ferdinand mjini Sarajevo mwaka 1914. Vita vilivyowashwa siku zile vilifika mpaka kwetu, vikala wapagazi wetu kwa maelfu, hata Askofu Frank Weston wa Zanzibar akatoka na kuwaongoza wapagazi wa kisiwani. Chombo hakijui kusudi lake. Kusudi hukaa kwa mwenyewe, na mwenyewe hubadilika kwa hasira, kwa ulevi na kwa hofu.

Pili, “ya kale.” Kinu cha kale kimechakaa, saa ya kale huchelewa. Bunduki ya kale ikitunzwa huua kama mpya. Isipotunzwa ni mbaya zaidi, maana yaweza kumdhuru anayeishika. Kwa hiyo ndugu yetu asiinunue kwa macho tu. Ampelekee fundi wa bunduki aipime. Baadhi ya hizo za zamani za geji 16 zina chumba kifupi kuliko risasi za siku hizi, na risasi isiyolingana na chumba ni hatari. Ndani, juu ya bomba la ghala, zimo pete za kupunguza mshindo, nazo hupangwa namna moja kwa risasi nzito na namna nyingine kwa nyepesi. Zikipangwa vibaya, mbao za mbele hupasuka na bega huumia, au bunduki hukataa kujitia risasi. Ufa katika mbao hizo ni ushahidi kwamba aliyetangulia hakuangalia.

Liko na jambo la madini. Neno letu “risasi” lina maana mbili, madini yale mazito na kitu kile kinachopigwa, kwa sababu tangu zamani marisau yalifanywa kwa madini hayo. Sasa yajulikana kwamba madini hayo ni sumu. Bata humeza marisau yaliyozama matopeni wakidhani ni changarawe, wakafa polepole, na ndiyo sababu Marekani imekataza kuyatumia kwa bata nchini kote tangu mwaka 1991. Lakini marisau magumu ya chuma yaliyokuja badala yake yaweza kuuharibu mtutu wa kale wa Kibelgiji, ambao haukufanywa kwa ajili yake. Mwenye bunduki ya kale hana budi kununua marisau laini yasiyo na sumu, kama ya bismathi, nayo ni ghali. Hapo upendo wake hupimwa. Je, yuko tayari kulipa zaidi ili maji yasitiwe sumu, au atatafuta risasi za zamani kwa siri kwa kuwa hakuna amwonaye?

Ukuta wa dari

Turudi katika Kumbukumbu la Torati 22. Mara tu baada ya sheria ya kiota, mstari wa 8 wamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, watu walikaa juu yake jioni. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Lakini akiacha dari wazi, Mungu anamhesabia.

Sisi tuna msemo wetu, “Ajali haina kinga,” na mara nyingi twausema kaburini. Sheria ya Mungu yasema kinga ipo, nayo yajengwa kabla ya ajali. Katika Kutoka 21 imo hukumu kama hiyo juu ya mwenye ng’ombe apigaye pembe: kama alikwisha kuonywa naye hakumfunga, hatia ni yake. Mwenye bunduki ameonywa tangu siku aliyoinunua. Hawezi kusema hakujua kwamba yaua.

Basi ukuta wa dari kwa mwenye bunduki ni huu. Bunduki ikae bila risasi ndani, katika sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli. Risasi zikae mahali pengine, nazo zifungwe. Funguo zisikae mahali ambapo watoto wapajua, na watoto hujua zaidi ya tudhanivyo. Na kila aishikapo aifungue atazame chumba cha mtutu kwa macho yake, hata kama ameitazama dakika moja iliyopita. Kwa bunduki ijitiayo risasi jambo hili ni la lazima kabisa, maana ukiisha kupiga moja, nyingine imekwisha kuingia. Husemwa, “Mtoto akililia wembe, mpe.” Wembe ukimkata atapona na kujifunza. Bunduki haina somo la pili.

Tena tuseme neno ambalo wengi huona haya kulisema. Hatari ya bunduki nyumbani si kwa watoto na wezi peke yao. Mtu mzima mwenye huzuni nyingi, aliyefiwa, aliyepoteza kazi, au mgonjwa wa moyo, hupitiwa na saa ya giza. Saa hiyo mara nyingi hupita, na wengi waliovuka wamemshukuru Mungu baadaye. Bunduki ikiwa karibu, haipiti. Uchunguzi wa waganga umelithibitisha jambo hili mara nyingi. Basi mwenye bunduki akiona giza linaingia nyumbani, kwake au kwa mkewe au kwa kijana wake, aitoe nyumbani kwa njia halali, aikabidhi kwa wanaoruhusiwa kuitunza, mpaka kutakapopambazuka. Kufanya hivyo si aibu. Na mwenzi wa ndoa aulizwe kabla ya kununua. Akikataa kwa moyo wote, ndugu yetu aache. Hakuna bata aliye mtamu kuliko amani ya nyumba.

Ni mali ya nani?

Katika majimbo mengi ya Marekani jirani aweza kumwuzia jirani bunduki bila kuandikishana popote. Hapa Tanzania sivyo, sheria ya silaha ya mwaka 2015 yataka leseni, na asiyekuwa nayo hana ruhusa hata kama bunduki ni ya marehemu baba yake. Wenzetu wengine huona sheria hiyo ni usumbufu. Sisi twaona kwamba inasema jambo la kweli: kitu kama hiki si mali ya mtu kama vile kanzu ni mali yake. Jamii nzima ina haki ya kujua kiko wapi na nani amekibeba. Ndugu yetu akitaka shauri letu, hata huko asikolazimishwa, waende wote wawili kwa mwuzaji mwenye leseni, mauzo yapite mkononi mwake, na yeye achunguzwe kama sheria inavyoagiza kwa wanaonunua dukani. Mtu mwema hapungukiwi kitu kwa kuchunguzwa.

Bunduki ile tayari imemshinda mwenyewe wa kwanza kwa umri. Yamkini itamshinda na ndugu yetu. Katika Luka 12 yule tajiri mpumbavu aliulizwa, akifa usiku ule vitu alivyoviweka vitakuwa vya nani. Kwa ghala la nafaka swali hilo ni la masikitiko. Kwa bunduki ni la hatari. Asiyeweza kusema itakwenda wapi siku atakapofariki hajawa tayari kuwa nayo. Aandike na kumwambia mkewe: iko hapa, ufunguo uko hapa, karatasi zake ni hizi, nikifa uwaite wenye mamlaka, usimpe mpwa wangu kwa sababu tu ameililia matangani. Na wale wa kwetu wenye bunduki ya marehemu kabatini, tunawasihi waende kituo cha polisi wapate maelekezo, kabla mjukuu hajaifikia.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mawakili hudaiwa uaminifu. Wakili hana kitu chake, anashika cha mwingine kwa muda, naye atatoa hesabu. Bunduki ya kale ni mwalimu mzuri wa jambo hili, kwa kuwa yaonyesha wazi kile ambacho mashamba yetu na nyumba zetu huficha: ilikuwako kabla yetu, itakuwako baada yetu, na kwa miaka hii michache kila itakachotenda kitaandikwa kwa jina letu.

Basi jibu letu

Ndugu yetu mpendwa, kununua bunduki hiyo si dhambi. Inunue kama unawinda kwa ajili ya kula, kama unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu bila kinyongo, kama umejenga ukuta wa dari kabla ya kuileta, na kama mkeo ameridhika. Usiinunue kama unataka kuonekana mkubwa mbele za watu, au kama moyo wako hupata amani kwa kuishika tu. Chombo cha kuua kisiwe pambo la ukutani wala faraja ya moyo. Na siku yoyote ukiona kwamba wewe ndiwe unayemilikiwa nayo, iuze kwa njia halali bila kungoja mwaka uishe.

Nasi tuliobaki huku, tukitazame kila tulicho nacho, gari, panga, dawa ya kunyunyizia shambani, hata ulimi, tujiulize kama tumekizungushia ukuta. Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini pasipo Baba. Kama Baba anamhesabu shomoro, anamhesabu pia aliyemwangusha, na mtoto anayecheza karibu na kabati lisilofungwa. Mungu atujalie kuwa mawakili waaminifu, katika vitu vidogo na katika vitu vya kutisha.